Nilimposa Bibi Sekindole Bila Kutumwa

Mimi ni mwanamke wa miaka themanini na kitu, mjane, mama wa watoto watano, naishi Iringa. Macho yanafifia, magoti yamegoma, lakini mdomo bado ninao... na mdomo huu ndio ulioniponza! Mtanisamehe wasomaji wenzangu nikiongea kwa ukali. Sina ugomvi na ninyi. Ugomvi wangu ni na mtoto mmoja wa kike wa miaka kumi na moja, aitwaye Yudita, ambaye ndiye mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatutawala. Tulikaa Kalenga, mimi na mama. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai Mufindi, tukimwona mara moja kwa mwaka. Nilisoma shule ya misheni, nikijua kusoma na kuandika, na kwa hilo nilijiona mtu mzima. Kiherehere nilichokuwa nacho... weee! Wakikaa watu wawili kuongea, wa tatu mimi. Mama alinifinya, alinichapa, mwisho akachoka.

Upande wa juu wa nyumba yetu aliishi Bibi Sekindole. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mrefu, mgongo umenyooka, mkulima hodari wa mahindi na maharage. Watoto wake wote walifia mikononi mwake wakiwa wadogo. Mume wake alipofariki, shemeji yake alitaka kumrithi kama ilivyokuwa desturi. Bibi akakataa katakata! Alisema yeye ni mtu wa kanisa, hawezi kuwa mke wa tatu wa mtu.

Basi wakapatana mbele ya wazee wa ukoo. Bibi angebaki katika nyumba ya marehemu na kulima shamba lile mpaka kufa kwake, lakini asiolewe tena. Siku atakapoolewa, nyumba na shamba vinarudi kwa shemeji. Watu wazima wote walilijua hilo. Mimi sikulijua... na nani angemweleza mtoto mambo kama hayo?

Upande wa chini alikaa Mzee Faraji, fundi cherehani. Huyu alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, aliyefika huku na vita vya Mjerumani akiwa kijana wa kubeba mizigo, akaoa, akabaki. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi, na hawakujaliwa mtoto. Alikuwa mpole, mwenye maneno matamu, na mimi aliniita "mke wangu" kwa utani wa babu na mjukuu. Nikichelewa kumsalimia ananiuliza, "Mke wangu, leo umenikasirikia?"

Mimi niliwapenda wote wawili. Asubuhi nilikunywa uji kwa Bibi, jioni nilikaa barazani kwa Babu nikimwokotea vipande vya nguo. Nikaanza kuwaza... kwa nini wasikae nyumba moja? Huyu anapika anakula peke yake, na yule anapika anakula peke yake. Iringa ina baridi, na wazee wa watu kila mmoja na moto wake! Akili ya mtoto iliona hivyo, ikaona imepata jambo kubwa.

Nilianza na salamu. Nikifika kwa Bibi nasema, "Babu Faraji anakusalimu sana." Hakuwa amesema kitu! Nikishuka kwa Babu nasema, "Bibi anauliza kama kifua kimepona." Wala hakuuliza! Lakini niliona uso wa Babu unang'aa, na Bibi anarekebisha kitambaa chake cha kichwa. Baada ya wiki chache salamu zikawa za kweli, kila mmoja akimtumia mwenzake kupitia kwangu. Nikavimba kichwa. Nilijiona mshenga wa kijiji kizima.

Na hapo ningekoma, nisingekuwa na cha kuandika leo. Lakini nitakoma vipi, na kiherehere kimenishika?

Mwanzoni mwa msimu wa kulima jembe la Bibi likavunjika. Lilikuwa limelika mpaka limebaki kama kijiko. Nikaenda kumwambia Babu Faraji. Yeye alikuwa na jembe jipya, alilolipwa na mteja mmoja badala ya pesa, na hakuwa mtu wa kulima. Akaniambia, "Mpelekee Bibi alimie, akimaliza atalirudisha. Jirani ni jirani." Maneno yake ni hayo. Nayakumbuka neno kwa neno hadi leo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu, wakati ule, jembe jipya halikuwa chombo cha shambani tu. Mtu akitaka kuposa, mshenga wake alikwenda na jembe jipya. Alichuchumaa mlangoni, akaliweka chini kwa mikono miwili, akasema fulani anaomba kuota moto katika nyumba hii. Wenyeji wakilikataa, jembe linarudishwa siku ile ile. Likilala ndani siku tatu, posa imekubaliwa. Nilikuwa nimeona dada wa mama yangu akiposwa hivyo, nikiwa nimejificha nyuma ya kihenge cha mahindi.

Mzee Faraji alikuwa mtu wa pwani. Alioa mke wa Kiislamu, kwa mahari na shehe. Habari za jembe hakuzijua hata kidogo!

Mimi nilizijua. Sikukosea, ndugu zangu, nisijitetee kwa utoto. Nilizijua! Nilipanda hadi kwa Bibi, nikachuchumaa mlangoni, nikaweka jembe chini kwa mikono miwili, nikasema, "Kamwene, Bibi. Nimetumwa na Mzee Faraji. Anaomba kuota moto katika nyumba hii."

Bibi alikuwa anachambua maharage. Mkono wake ukasimama. Alinitazama mpaka nikaogopa. Kisha akauliza, taratibu, "Kwa nini amemtuma mtoto?"

Na jibu lilinitoka kama nimelisoma kitabuni! Nikasema Babu hana ndugu huku, hana wa kumtuma, na anaogopa watu wasije wakamcheka.  Bibi akachukua lile jembe, akalifuta kwa kanga yake ingawa halikuwa na vumbi, akaliingiza ndani.

Siku ya tatu aliniita. Jembe lilikuwa bado liko ndani, nyuma ya mlango. Akanipa kuku na kikapu cha unga wa ulezi, nimpelekee Mzee Faraji. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Babu alipokea kwa mshangao, akasema, "Kwa kuazimwa jembe tu? Hawa Wahehe wana ukarimu, lahaula!" Akamchinja kuku, akala. Wiki ile ile, kwa kuona haya kula bure cha mjane, akachukua kitambaa cha maua, akamshonea Bibi gauni, nikalipeleka. Mnaona? Kila mmoja alimjibu mwenzake kwa wema, na kila wema ukakaza kamba niliyoifunga mimi.

Bibi alilivaa gauni lile kwenda kanisani. Wanawake walimuuliza limetoka wapi, naye akasema bila kuficha. Mwanamke yule hakujua kuficha!

Wazee wa kanisa wakamwendea. Walimwambia akiolewa na Mwislamu atatengwa, hatashiriki meza ya Bwana, na akifa hatazikwa na kanisa. Mama alinisimulia baadaye kwamba Bibi aliwajibu, "Nimewazika watoto wanne na mume. Nimelala peke yangu miaka kumi na minane. Mungu ananijua." Wakaondoka wamekunja nyuso.

Kisha akaja shemeji. Huyo hakuja kushauri, alikuja na watu wake. Alisimama uani akamwambia achague moja, nyumba ya marehemu au Mswahili wake. Bibi akasema ameshachagua. Akapewa siku saba. Babu Faraji hakusikia lolote, maana watu walidhani yeye ndiye mposaji na anajua yote, na kwa adabu hawakulitaja mbele yake.

Siku saba, wasomaji! Siku saba nilikuwa nazo za kusema, "Bibi, nilidanganya." Nilizifanyia nini? Kwa desturi aliyeposwa hakwenda kumwona mposaji, kwa hiyo kila jioni Bibi aliniuliza mimi, "Amesema siku gani ananichukua?" Nami kila jioni nikasema, "Anasema umngoje kidogo, anatengeneza chumba."  Nilifikiri labda Babu atamposa kweli kabla siku hazijaisha. Nilifikiri labda shemeji ataugua. Mtoto mwoga hufikiri kila kitu isipokuwa kusema kweli.

Siku ya nane, mchana kweupe, watu wa shemeji walitoa vyungu vya Bibi nje. Yeye akafunga nguo zake katika shuka, akachukua jembe, akashuka kwa Mzee Faraji na lile gauni la maua mwilini. Watoto walimfuata. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale barazani!

Wateja walikuwepo, wanaume kama watano hivi. Bibi akasimama mbele ya cherehani, akamsalimia Babu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nimekuja. Wamenitoa mapema, kwa hiyo sikungoja unifuate."

Babu Faraji akasimama na tepu shingoni. "Karibu, mama. Umekuja... kwa jambo gani?"

"Si umeniposa?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wakacheka wote. Babu akababaika, jasho likamtoka, akasema, "Mimi? Mimi nilikuazima jembe, mama. La kulimia."

Bibi hakumwangalia tena. Aligeuka akanitazama mimi. Na Babu naye akanitazama. Akaniambia kwa upole, "Yudita, hebu sema. Ulipompelekea Bibi lile jembe, ulimwambia nini?"

Hakuniita mke wangu. Aliniita jina langu. Watu wote wakanigeukia.

Ndugu zangu... hapo ndipo ningeweza kuyaokoa maisha ya mtu. Maneno mawili tu! Lakini niliyaona yale macho ya watu, nikafikiria fimbo ya mama, nikafikiria mwalimu shuleni, nikasema, "Nilimwambia umemwazima. Alimie, akimaliza arudishe."

Nilisema hivyo, kwa sauti safi, huku namtazama Bibi usoni.

Hakunitukana. Hakulia. Alisema, "Haya," akaliweka jembe juu ya baraza, akajitwika mzigo wake, akaenda zake. Nyuma yake watu walikuwa wanashika mbavu. Walisema bibi kizee amerukwa na akili, ameota ndoto za wanaume mpaka amejifukuza nyumbani kwake! Msemo huo ulidumu Kalenga miaka. Msichana akijipendekeza kwa mwanaume, aliambiwa, "Usije ukaposwa kama Sekindole."

Nyumbani hakuweza kurudi, shemeji alikwishamweka mwanawe. Kanisani hakwenda tena kwa aibu. Alilala kwa watu siku mbili tatu, kisha tukasikia amepanda lori kwenda Mbeya kwa binti wa dada yake.

Mimi nilinenepa? Hapana. Nilikonda. Mama alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa za mizizi. Kwa Babu sikukanyaga tena, na yeye hakuniita. Naye watu walimtania mpaka wateja wakawa kero, akawa anashona ndani, mlango umefungwa.

Yalipita karibu miaka miwili. Mzee Faraji akaanza kuvimba miguu, pumzi ikawa fupi. Siku moja alimtuma mtu aniite. Nilimkuta amelala, ngozi imekuwa kama majivu. Akasema, "Mimi nakwenda, Yudita. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mwanamke mwenye akili kama yule hawezi kuzua. Ulimwambia nini?"

Nikamwaga yote. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Nilimweleza salamu, jembe, maneno ya mlangoni, kuku, siku saba, kila kitu. Nilingoja anipige. Hakuwa na nguvu za kunipiga, wala hakutaka.

Akauliza, "Kwa hiyo alikubali?"

"Alikubali, Babu."

"Alikubali... mimi?" Machozi yakamtoka mzee wa watu. Akaniambia kuwa alimtamani Bibi Sekindole tangu siku nyingi, ila alijiambia mwanamke wa misheni hawezi hata kumtazama mtu wa msikitini. Akasema, "Ungelitamka pale barazani, mtoto we, ningelimshika mkono ningelimwingiza ndani. Wangecheka siku moja, wakachoka. Mimi nilidhani wananifanyia mzaha!"

Hayo ndiyo maneno yanayoniamsha mpaka leo. Sikuharibu jambo lisilowezekana. Niliharibu jambo lililokuwa tayari, lililobaki kusemwa tu.

Akaniambia, "Sasa nakutuma. Safari hii nakutuma kweli. Nenda Mbeya, mwambie Faraji anaomba kumwoa. Akikubali, aje, nyumba hii ni yake, hata nikifa kesho." Akamwita mama, akamweleza. Mama alinichapa siku ile kuliko siku zote za maisha yangu, nami sikukimbia. Kesho yake tukapanda lori.

Mbeya tulifika tumeloa mvua. Tuliuliza mpaka tukampata, nyuma ya nyumba ya yule binti wa dada yake, katika banda la jikoni. Alikuwa anawapikia uji vibarua wa kujenga barabara. Mgongo ule ulionyooka ulikuwa umepinda. Mikono ilikuwa imepasuka kwa maji na majivu. Alitukaribisha, akamsalimia mama vizuri, akatupa uji. Mimi hakunitazama.

Mama akanisukuma. Nikapiga magoti, nikasema yote. Nikasema Babu hakunituma siku ile, niliyabuni mimi. Nikasema na pale barazani nilidanganya. Kisha nikasema, "Lakini sasa amenituma kweli, Bibi. Anaumwa. Anakuomba umwoe... anaomba akuoe. Anakungoja."

Bibi Sekindole aliendelea kukoroga. Kisha akasema, "Miaka miwili nimekaa hapa na jambo moja. Nilisema, yule mtoto hakuwa na kosa, aliogopa tu. Yule mwanaume aliniposa, akaona haya mbele ya watu, akanikana. Basi. Wanaume ndivyo walivyo. Lakini angalau aliniposa. Nilikuwa nalala na hilo."

Akaacha kukoroga, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa umekuja kuniambia kwamba hata hilo halikuwepo. Na papo hapo, kwa mdomo huo huo, unaniambia leo lipo. Nikuamini ipi, mwanangu? Ya mlangoni? Ya barazani? Au hii?"

Mama akaingilia, akaapa kwa Mungu kwamba amemsikia Mzee Faraji kwa masikio yake. Bibi akatikisa kichwa. Akasema mama ni mama, atasema lolote kumsafisha mtoto wake. Akasema hatapanda lori kurudi Kalenga kusimama tena mbele ya baraza lile na mzigo kichwani. "Sitachekwa mara mbili," alisema. "Rudini, msije mkakosa lori."

Tulimbembeleza mpaka vibarua wakaja kula. Yeye akageuka kuwagawia uji.

Tulirudi. Mzee Faraji alikuwa amewaomba majirani wamnyoe ndevu na wamvalishe kanzu safi. Alipotuona wawili, bila wa tatu, alielewa kabla sijafungua kinywa. Loo, jinsi nilivyotamani kumdanganya! Kusema anakuja baada ya mavuno, anasalimu sana... nilikuwa fundi wa maneno hayo. Lakini nilimwambia kweli. Nilimwambia kwamba Bibi hakuniamini.

"Angekuamini vipi?" alisema. Akageukia ukutani.

Hakumaliza mwezi. Bibi Sekindole yeye aliishi miaka mingine sita, akipika uji wa watu. Tulisikia habari za kifo chake amekwishazikwa, pembeni, bila kengele wala mwimbo, kwa kuwa hakuwahi kurudi kanisani.

Na mimi? Nilipokua nikaposwa, mshenga wa kwanza alipokuja sikuamini neno lake hata moja, nikamfukuza. Wa pili pia. Marehemu mume wangu ilimlazimu aje mwenyewe, akasimama mbele ya mama na majirani, akasema kwa kinywa chake. Tulikaa vizuri naye, Mungu amrehemu, lakini miaka yote akisema ananipenda nilikuwa nauliza, "Kweli?" Mpaka anafariki nauliza.

Ninyi mnaopenda kupeleka maneno, mnaopenda kuunganisha watu kwa nia njema, nawaomba, acheni! Maneno ya mtu mwachieni mwenyewe. Na kama umekwishadanganya, ewe msomaji, mdogo kwa mkubwa, usingoje kesho upate ujasiri. Inuka sasa hivi, nenda kaseme, upigwe, uaibike, yaishe. Mimi nilisema kweli, tena nimepiga magoti. Lakini nilikuwa nimechelewa miaka miwili, na aliyestahili kuisikia hakuwa tena na sababu ya kuniamini.